Nilimlipa dula laki nne na themanini: nilichopata na nilichokosa

Nilipomwambia mama mkwe kwenye simu kwamba nimepata dula wa kunisaidia uzazi huu wa pili, alinyamaza. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu: "Dula yupi huyo, mwanangu? Mwanamume aingie chumbani kwa mzazi?" Kwao Pangani Dula ni Abdallah, na mtaani kwao akina Abdallah ni wengi. Nikamweleza kwamba huyu ni mwanamke, kwamba neno ni la kigeni, wenyewe huliandika doula, na kazi yake ni kukaa na mwanamke wakati wa uchungu na siku zinazofuata. Akasema, "Sasa hiyo si kazi ya shangazi?"

Ndiyo, ni kazi ya shangazi. Ni kazi ya mama, na kwa watu wa pwani ni kazi ya somo pia, yule mwanamke anayemfunda msichana. Lakini mama yangu tulimzika Marangu mwaka 2019. Shangazi zangu wana mashamba na wajukuu wao. Mama mkwe mwenyewe wakati ule alikuwa anamuuguza baba mkwe. Mume wangu ni dereva wa lori, Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Sheria ya kazi inampa baba siku 3 za likizo ya uzazi, na siku 3 zinaweza kumwishia kwenye foleni ya Tunduma kabla hajavuka. Mimi naishi Segerea, nafundisha Baiolojia sekondari, na nina mtoto wa miaka minne. Nani atakuwepo siku hiyo? Swali hili nilijiuliza kuanzia mimba ya miezi mitatu, na kila nikihesabu watu nabaki mimi peke yangu.

Na peke yangu nilishakuwa. Uzazi wa kwanza mume wangu aliachwa getini akiwa ameshika beseni na mkoba, mimi nikaingia leba. Saa kumi na moja za uchungu, na katika saa hizo mtu alinigusa ili kupima njia tu. Nilipolia, muuguzi mmoja aliniuliza: "Ulivyokuwa unamtafuta ulilia hivi?" Hospitali siitaji, na huenda dada yule alikuwa kwenye zamu ya pili mfululizo. Lakini maneno yale nimeishi nayo miaka minne. Nilipogundua nina mimba tena, kilichonijia kwanza ni sauti ile, furaha ikafuata baadaye.

Dula nilielekezwa na mwalimu mwenzangu ambaye dada yake alishawahi kumtumia. Jina lake siliweki hapa kwa sababu hakuniruhusu, nami naliheshimu hilo. Ni mama wa watoto watatu, anaishi Kigamboni, aliwahi kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii kabla ya kusomea kazi hii. Bei yake ilikuwa shilingi 480,000: 150,000 siku ya kwanza, 150,000 wiki ya 36, na 180,000 kazi ikiisha. Nauli juu yangu. Kwa pesa hiyo angekuja nyumbani mara mbili kabla ya kujifungua, angekaa tayari simu yake ikiwa wazi kuanzia wiki ya 38, angekuwa nami tangu uchungu hadi mtoto anyonye mara ya kwanza, kisha angekuja mara sita ndani ya arobaini. Nililipa kwa mgao wa kikoba ambao nilikuwa nimeupangia friji.

Kabla sijatoa pesa nilisoma. Nafundisha sayansi, siwezi kulipa laki nne kwa sababu mtu amesema ni nzuri. Nikakuta mapitio ya mwaka 2017 yaliyokusanya tafiti 26 kutoka nchi 17, zaidi ya wanawake 15,000: waliokuwa na mtu wa kukaa nao muda wote wa uchungu walijifungua kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo, na upasuaji ulipungua. Nikakuta pia kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linataka kila mwanamke awe na mwenzake anayemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua. Hapo nikatuma 150,000.

Jambo la kwanza aliloniambia alipokaa kwenye kochi langu ni mipaka ya kazi yake. "Dada, mimi si mkunga. Sipimi njia, sizalishi, sitoi dawa. Ukiona damu, ukiumwa kichwa kikali, mtoto akipunguza kucheza, usinipigie mimi kwanza, nenda hospitali." Nilimpendea hapo. Kisha akauliza maswali ambayo kliniki hawakuwahi kuniuliza. Nani atapika? Nani atamwangalia mkubwa? Uzazi wa kwanza ulikuwaje? Swali hilo la tatu nililijibu kwa saa nzima, chai ikapoa mezani. Hakunikatiza wala hakuniambia nimshukuru Mungu mtoto alikuwa mzima. Mwisho aliuliza tu, "Ungetaka nani angekuwa amekushika mkono?" Nikasema mama. Akaliandika hilo kwenye daftari lake pamoja na tarehe ya matarajio.

Ziara ya pili ilikuwa ya vitendo. Tulipanga begi: kanga sita, pamba, glovu, mpira wa kujifungulia, kibanio cha kitovu, nguo za mtoto zikiwa zimefungwa kwa mafungu ili yeyote atakayefungua asipekue. Alinifundisha kupiga magoti na kuegemea kitanda, kuyumbisha kiuno, kuupa mgongo nafasi. Alinionyesha mahali pa kukandamiza, chini kabisa ya mgongo kwenye mfupa mpana, kwa kiganja na uzito wa mwili, si kwa vidole. Na alinipa neno moja la kupumulia: "Poza uji." Uvute hewa kwa pua, uitoe polepole kwa mdomo kama unayepoza uji kwenye kikombe, unaotaka kuupoza lakini hutaki kuumwaga. Nilidhani ni jambo dogo.

Katika ziara hiyo hiyo alinikera kidogo, na naliandika kwa sababu anayelipa ana haki ya kulijua. Alisifu sana kujifungua bila sindano yoyote, mpaka nikaanza kuona kwamba nikiwekewa dripu ya uchungu nitakuwa nimeshindwa mtihani. Nilimwambia wazi. Akaomba radhi na hakurudia tena. Ila ningekuwa msichana wa mimba ya kwanza nisingethubutu kumwambia, na ningeingia leba na mzigo huo.

Uchungu ulianza Jumatano saa tano usiku. Nilimpigia, akafika saa sita na nusu kwa bajaji, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, kama mtu aliyekuja msibani kulala. Jirani alimchukua mkubwa wangu. Tukazima taa kubwa. Kuanzia hapo hadi saa kumi alfajiri tulikuwa sebuleni, mimi na yeye, na zile saa tatu na nusu ndizo ninazozikumbuka kuliko zote za usiku ule. Nilitembea, nikapiga magoti kwenye kochi, nikatembea tena. Kila uchungu ulipokuja alikandamiza mgongo pale pale alipouahidi, na ulipoondoka alinipa chai ya tangawizi yenye sukari, mafunda mawili. Aliandika muda wa kila uchungu. Maneno yalikuwa machache. Kuna wakati nilisema siwezi, akanijibu, "Huu umeshauweza. Umepita." Nikaona kweli umepita.

Saa kumi akasema sasa twende. Na hapa ndipo penye nilichokosa.

Wiki mbili kabla, kliniki, niliuliza kama naweza kuingia na mtu wangu leba. Nikajibiwa ndiyo, awe mwanamke. Alfajiri ile tulipofika, dula aliruhusiwa kukaa nami chumba cha kusubiri, nikiwa nimefunguka sentimita sita. Muda wa kuhamia leba ulipofika, muuguzi wa zamu akasema hapana. Dula hakugombana, alisalimia, akajieleza kwa upole, akaomba kumwona msimamizi. Msimamizi alikuja na sababu yake: chumba kimoja, vitanda vinavyotazamana, pazia hakuna, na wanawake wengine wana haki ya kutoonwa na mtu wasiyemjua. Siwezi kusema sababu hiyo ni ya uongo. Niliviona vitanda. Lakini mwongozo wa kuwa na mwenzako hautakuwa na maana mpaka mtu anunue pazia, na pazia si mashine ya X-ray. Nililia mlangoni. Dula alinishika uso kwa mikono miwili akasema, "Mimi niko dirishani hapo nje. Poza uji."

Niliupoza. Dakika hamsini niliupoza uji ule. Nilikuwa na mkunga kijana, mpole, ambaye aliniuliza jina langu na akalitumia, na mtoto akatoka saa mbili na dakika kumi asubuhi, wa kike, kilo 3.4. Mchaniko mdogo, nyuzi mbili. Aliwekwa kifuani kwangu akiwa bado na unyevu wake. Kwa hiyo dula niliyemlipa kwa ajili ya kujifungua hakuniona nikijifungua. Yeye mwenyewe alilisema kabla yangu: akaongeza ziara mbili baada ya uzazi bila malipo, zikawa nane badala ya sita. Niliona ni haki. Bado naona alitakiwa kwenda hospitali mwenyewe mapema na kupata ruhusa ya maandishi kutoka kwa msimamizi, badala ya kuniachia mimi niulize kliniki na kushika jibu la mdomo. Ukimwajiri dula yeyote, anza na hilo. Na muulize kama ana mwenzake wa kumshikia nafasi akiwa na wazazi wawili usiku mmoja. Wangu alisema anaye, lakini sikuwahi kumwona wala kusikia sauti yake.

Ingekuwa imeishia hapo, ningesema pesa ilikwenda nusu. Thamani yenyewe nimeipata nyumbani.

Siku ya tatu matiti yalijaa yakawa mawe. Mtoto akawa anateleza kwenye chuchu, analia, nami nalia. Alikuja asubuhi, akanawa, akakaa pembeni yangu, akatazama mtoto anavyonyonya kabla ya kusema neno. Kisha akanionyesha: kamua kidogo kwanza ili ziwa lilainike, elekeza chuchu puani kwa mtoto na si mdomoni, subiri apanue kinywa kama anayepiga miayo, ndipo umsogeze, kidevu kiguse ziwa. Kitambaa cha uvuguvugu kabla ya kunyonyesha, cha baridi baada yake. Mkubwa wangu nilimnyonyesha miezi miwili ya kwanza kwa vidonda, nikidhani ndivyo ilivyo. Huyu hakunitoa kidonda hata kimoja. Nilimwonea huruma yule mama wa miaka minne iliyopita ambaye ni mimi.

Siku hiyo hiyo alimpa mkubwa kazi: kila mama anapokaa kunyonyesha, yeye alete kikombe cha maji. Mtoto wa miaka minne, kikombe cha plastiki, nusu ya maji yanamwagika njiani. Wivu uliokuwa umeanza ukapata shughuli.

Siku ya tisa mama mkwe akafika kutoka Pangani, baba mkwe akiwa amepata nafuu. Kikapu chake kilikuwa na pilipili manga ya uji, chupa ya samli, papa mkavu, na kaniki mpya kwa ajili ya mkaja. Wanaojua mahari ya pwani wanajua mkaja una fungu lake: mama wa bibi harusi hulipwa kwa kile kitambaa alichojifunga tumbo alipomzaa. Mama mkwe alikuja kunifunga na kunikanda, na hakuja kushindana na mtu wa kulipwa. Ziara ya dula ilikuwa kesho yake. Nilikesha nikiwaza watakavyokutana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Dula?"

"Ndiye mimi, mama. Nimefurahi umekuja, maana mimi kufunga mkaja sijui. Nifundishe."

Sijui kama ilikuwa hekima au ukweli mtupu, lakini mama mkwe alivua viatu akaanza somo. Maji yalikuwa jikoni yanachemka. Nilikumbuka uzazi wa kwanza, jirani aliponikanda kwa maji ya moto mpaka ngozi ya tumbo ikababuka, nami nikanyamaza kwa adabu. Dula hakusema maji ya moto ni ushamba. Alichovya kiwiko, akasema, "Mama, kiwiko changu kinakataa, cha kwako kinasemaje?" Mama mkwe akachovya, akaongeza maji ya baridi. Wakakubaliana: mgongo, nyonga na miguu vikandwe kwa taulo, tumbo lisikandamizwe, na kwenye nyuzi iwe kunawa tu kwa maji ya uvuguvugu. Mkaja ufungwe kuanzia nyonga kupanda juu, si kuanzia mbavu kushuka, uwe wa kushika bila kubana, na usiku ufunguliwe. Mama mkwe alipinga la usiku. Dula akamwomba anifunge, kisha akaniambia nivute pumzi ndefu. Sikuweza kuimaliza. Mama mkwe akaulegeza mwenyewe. Kitovu cha mtoto kikaachwa kikavu bila kupakwa kitu, na hilo lilichukua mazungumzo marefu zaidi ya mkaja, jikoni, mimi nikiwa nimelala.

Nimelala, nasema. Baada ya kukandwa na uji wa pilipili manga nililala saa tatu mfululizo. Hakuna kitu nilichonunua mwaka ule chenye bei ya saa tatu zile.

Nataka kusema pia la siku ya ishirini na sita. Machozi ya siku za mwanzo nilishaelezwa: huja kati ya siku ya tatu na ya tano, na kwa kawaida hayazidi wiki mbili. Yangu yaliondoka, kisha yakarudi na sura nyingine. Mtoto alilala, mama mkwe alilala, mimi nilibaki macho nikisikiliza kama mtoto anapumua, usiku baada ya usiku, hata usingizi ulipokuwa unapatikana. Sikumwambia mtu. Mume wangu alikuwa amekuja akakaa siku tano, akarudi barabarani, na kwenye simu nilimwambia tuko salama.

Dula alikuja na karatasi ya maswali kumi, yale yaliyotungwa Uingereza mwaka 1987 ya kupima huzuni ya wanawake waliojifungua na bado yanatumika. Niliyajibu nikiwa nanyonyesha. Nilipofika kwenye usingizi nilikwama, kalamu ikasimama. Aliichukua karatasi, akaiweka chini, akasema: "Dada, hapa kazi yangu inaishia. Kuna wanaojua zaidi yangu, na kesho nakusindikiza." Kesho yake alifika saa mbili asubuhi, siku ambayo haikuwa ya ziara, akambeba mtoto kwenye daladala, akakaa nami kwenye benchi mpaka nikaitwa. Nilimwona mshauri mara nne. Ilikuwa sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa, imeshikwa mapema, na wiki ya saba nililala usiku mzima kati ya kunyonyesha na kunyonyesha. Walimu wenzangu walioniona narudi kazini baada ya siku 84 waliniambia nimenawiri. Sikuwaeleza lolote, ndiyo maana nalieleza hapa.

Yaliyobaki niyataje kwa haraka. Alichelewa mara moja saa moja na nusu, siku ya mvua, kivuko na foleni, alinijulisha. Siku nyingine alipokea simu ya mteja akiwa kwangu na akazungumza dakika ishirini, na hapo nilikasirika, kwa sababu dakika zile ni zangu. Hana risiti, nilimwandikia karatasi ya makubaliano mimi mwenyewe, akasaini. Mwenye mama aliye karibu na mwenye nguvu, sioni haja ya kutoa laki nne na themanini. Atoe nauli ya mama. Aliye kama mimi, na pesa haitoshi kwa yote, azungumze naye amlipe kwa ziara za baada ya uzazi peke yake. Nilimuuliza, akasema anakubali, shilingi 35,000 kwa ziara.

Mama mkwe aliondoka siku ya arobaini na mbili. Asubuhi ile, begi likiwa mlangoni na bajaji inasubiri, aliniomba namba ya simu. Binti wa dada yake, Muheza, ana mimba ya miezi saba, mumewe yuko Oman. Nikamsomea namba, akaiandika mwenyewe kwa kidole kimoja, akanipa simu nihakiki kama haijakosewa. Ilikuwa sawa. Juu yake alikuwa ameandika: Dula Mwanamke.